Hotuba Juu ya Uzee na Afya



Twasikia mara nyingi lawama kwamba vijana wa mjini wamewatupa wazazi wao. Profesa Isabella Aboderin aliichunguza lawama hiyo nchini Ghana, na katika kitabu chake cha mwaka 2006 akaonyesha kwamba sababu moja kubwa ni kupungukiwa kwa watoto wenyewe. Mkono mtupu haulambwi. Baadaye aliendelea na uchunguzi wa uzee hapa Nairobi, katika kituo cha utafiti ambacho watu wake wameingia nyumba kwa nyumba Korogocho na Viwandani, wakiuliza afya za wakazi, wazee wakiwamo.

Tumejifunza nini? Kwamba maradhi ya mzee maskini si jambo la nyumba yake peke yake. Mwaka 2018 Serikali ilipanua msaada wa shilingi 2,000 kwa mwezi, uwafikie wenye miaka 70 na zaidi.

Basi twaomba mambo mawili: kila mtaa umjue mzee wake asiye na mtu, na mchunguzi akibisha hodi, aulizwe kusudi lake, kisha ajibiwe kwa ukweli. Asiyehesabiwa hupitwa na dawa.