Muwasho Ukeni: Tuzungumze Bila Aibu

Mama, dada na binti unayetusikiliza Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au Lusenda, haya ni yako. Akina baba, msizime redio, yapo yanayowahusu.

Leo tunazungumzia muwasho wa sehemu za siri za mwanamke. Wengi huuficha. Mtu anajikuna usiku mpaka ngozi inachubuka, kwenye foleni ya maji hatulii, lakini zahanati haendi, kwa sababu anaogopa jirani atasema, "Huyo kaupata wapi?" Ukweli ni kwamba muwasho mwingi hautokani na kutembea ovyo. Bibi aliyefiwa na mume miaka mingi huwashwa, na msichana ambaye hajamjua mwanamume huwashwa.

Mara nyingi sababu ni fangasi. Hukaa mwilini bila kuleta shida, kisha huongezeka: wakati wa ujauzito, baada ya kumeza antibayotiki, au kwa mwenye kisukari. Utaona ute mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, uke unakuwa mwekundu, na mkojo unachoma. Kwa kawaida haunuki. Tiba yake si ngumu: kuna vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, na krimu ya kupaka nje. Kipo pia kidonge cha kumeza, flukonazoli, ila mjamzito hapewi hicho. Kwa hiyo mwambie mhudumu kama umekosa siku zako.

Ute wa njano au kijani, wenye povu na harufu, huenda ni trikomona, na hiyo huambukizwa kwa ngono. Dawa yake ni metronidazoli, na mume naye lazima ameze hata kama hajisikii chochote, maana wanaume wengi hawaoni dalili. Baba, hapa ndipo nilipokuitia. Mke akitibiwa peke yake, ugonjwa utamrudia kutoka kwako. Na mkae bila kukutana mpaka wote wawili mmemaliza dawa na dalili zimekwisha.

Wakati mwingine hakuna mdudu wowote, ni sabuni. Ile sabuni ya mche tunayofulia nguo ni kali kwa ngozi ya pale. Osha nje tu, kwa maji safi. Ndani ya uke hujisafisha wenyewe. Chumvi, ndimu, majivu, majani ya tumbaku, vyote hivyo huunguza na kuongeza muwasho, hata kama shangazi aliapa kwamba vilimponya.

Halafu kuna vile vitambaa vya hedhi. Tunavifua usiku na kuvificha chini ya godoro, vinabaki na unyevu, kesho tunavivaa. Vianike juani. Kama unaona haya, tandaza khanga nyepesi juu yake, lakini jua na upepo vivifikie. Chupi nayo ikauke kabisa kabla ya kuivaa.

Kama nyumba nzima inajikuna usiku, watoto na baba pia, huo labda ni upele, na mnatibiwa wote siku moja. Mtoto wa kike anayewashwa usiku karibu na njia ya haja kubwa, mara nyingi ana minyoo.

Usikawie ukiwa mjamzito, ukiwa na homa, maumivu chini ya kitovu, vidonda, au damu isiyo ya mwezi. Na kama ulibakwa, usingoje kuwashwa. Nenda mapema uwezavyo, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Hata zikipita, nenda. Bado kuna huduma nyingine.

Ukifika, si lazima ueleze mbele ya foleni. Sema tu, "Nina shida ya kike, naomba kuongea faragha na muuguzi mwanamke." Akiuliza zaidi pale dirishani, rudia maneno hayohayo.