Kutoka Uwanjani Hadi Mezani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, Nyamigogo)



Nimeombwa niseme juu ya michezo. Wanaonikumbuka wanajua kuwa mpira ulinikataa mapema. Kazi yangu ilikuwa kuokota mipira iliyopotelea migombani nyuma ya goli. Kwa hiyo nitasema juu ya mtu aliyeujua.

Ndugu Leodegar Tenga alikuwa beki na nahodha wa Taifa Stars. Agosti 1979, baada ya kuwafunga Zambia 1–0 Dar es Salaam, timu yetu ilikwenda Ndola ikapata sare ya 1–1 kwa bao la Peter Tino. Machi 1980 Tenga aliwaongoza wenzake katika fainali za Afrika kule Lagos. Walifungwa na Nigeria 3–1, na Misri 2–1, wakatoka sare 1–1 na Ivory Coast. Fainali hizo tulizirudia mwaka 2019.

Wengi humsifu wakaishia hapo. Mimi ninayekula mshahara wa mafaili napenda zaidi sehemu ya pili. Tenga alisomea uhandisi. Desemba 2004 alichaguliwa Rais wa TFF, chombo kilichochukua nafasi ya FAT, ambayo migogoro yake tuliisikia redioni tukiwa mabwenini hapa. Mwaka 2006 akaja kocha Marcio Maximo kutoka Brazil, na 2009 Stars ikacheza fainali za CHAN. Lakini lililonigusa ni la 2013: baada ya vipindi viwili hakugombea tena, akakabidhi ofisi.

Ndugu zangu, huu ni mwaka wa saba mimi ni mweka hazina wa mfuko wetu wa uwanja. Stakabadhi ninazo, ila hesabu sijapata kuzisoma mbele yenu hata mara moja, nanyi kila mwaka mmenirudisha kwa makofi. Mwaka juzi nilitoa shilingi 350,000 kulipia lori la mawe bila kikao kukaa. Mawe yapo, yaoneni pale karibu na goli. Lakini ruhusa hakunipa mtu.

Leo nimekuja na daftari. Litasomwa baada ya chakula, kabla ya uchaguzi, na jina langu nimeliondoa katika orodha ya wagombea. Namwomba Mwalimu Mkuu awaruhusu vijana wa kidato cha nne wanaosoma biashara wakae nasi, wajumlishe wenyewe.