Oili ya Mashine na Roho za Mabaharia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wavuvi na mafundi, Buhongwa, Mwanza)



Sisi watu wa visiwani tumezoea kusema juu ya bahari, na leo mmetupa heshima ya kusema mbele ya watu wa ziwa. Maji yetu ni ya chumvi na yenu ni matamu, lakini mashine inapozima usiku, upepo hauulizi ladha ya maji. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800; aliyezimikiwa humo yu mbali na msaada sawa na aliyezimikiwa katika mkondo wa Pemba. Kwa hivyo twaomba tuseme juu ya jambo linalodharauliwa: oili.

Mashine za zamani za mapigo mawili hazihifadhi oili chini ya injini kama motokaa. Oili huingia pamoja na petroli, ikalainisha beringi na pistoni, kisha ikaungua. Hapo kwanza mvuvi aliichanganya kwa mkono. Baadaye ikaletwa pampu ya kuiingiza yenyewe. Kampuni ya Marekani ya OMC, iliyotengeneza Evinrude na Johnson, ilitoa yake mwaka 1984, na Yamaha nao wakawa na yao. Pampu huendeshwa kwa nguvu ya injini, na kiasi cha oili huongezeka kadiri kazi ya injini inavyozidi. Ni utumishi mwema, lakini mtumishi huyu amezeeka. OMC ilifilisika mwaka 2000, na utengenezaji wa Evinrude ukakoma mwaka 2020. Basi yatupasa kukitunza tulicho nacho.

Yako mambo manne ya kuangalia. Kwanza ni tangi la oili. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, na ndiyo yavutwayo mwanzo na pampu. Tangi lisafishwe pamoja na chujio lake. Pili ni mipira. Ikikauka na kupasuka, au kibano kikilegea, pampu huvuta hewa. Tatu ni hewa yenyewe: kila mpira unapofunguliwa, au tangi linapokauka, hewa itolewe mpaka oili ipite bila povu. Nne ni kijiti kinachounganisha pampu na kabureta, kwa zile mashine zilizo nacho. Alama zake zilingane. Zisipolingana, injini huenda mbio huku ikipewa oili ya mwendo wa polepole.

Tusidanganywe na taa. Katika mashine nyingi za aina hii taa hueleza kiasi cha oili kilichomo tangini tu; haielezi kama pampu yaisukuma. Tangi laweza kujaa na injini ikafa kwa kiu.

Dawa ni kujaribu. Chukueni petroli iliyochanganywa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Tieni alama kwenye tangi la oili, mkaendeshe karibu na mwalo. Oili ikishuka, pampu yafanya kazi. Isiposhuka, msiende mbali, wala msirudie petroli tupu.

Wako wasemao, "Ing'oe pampu, tuchanganye kwa mkono." Hatuwapingi. Pampu iliyochoka ambayo haina vipuri ni heri iondolewe, tundu zake zizibwe, na king'ora cha joto kisikatwe pamoja nayo. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: kwa pampu au kwa mkono, injini yataka oili yake, iliyotengenezwa kwa mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, kwa kipimo cha kitabu chake. Hatari iko katikati: pampu imekatwa, na baharia mgeni hakuambiwa, akatia petroli tupu. Mashine iliyobadilishwa na iandikwe kwa rangi kifunikoni, kila mtu aone.

Mwisho, ndugu zetu, tuseme juu ya haki. Mwenye mashine hulala nyumbani kwake. Baharia ndiye aendaye nayo gizani. Tajiri anayeona mpira mmoja wa oili ni ghali, aweke bei hiyo kando ya bei ya injini nzima, kisha aikumbuke roho ambayo haina duka. Na baharia anayeambiwa aondoke na mashine isiyojaribiwa ana haki ya kukataa, na wenziwe wana wajibu wa kusimama naye. Kumkatalia tajiri ufukweni kwa umoja si utovu wa adabu. Ni ulinzi wa mali yake na wa watoto wetu.