OILI YA GARI LETU INATOKEA WAPI?

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika, uwanja wa ghala, Mikindani. Yamenakiliwa hapa ili ambao hawakufika wasome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.)



Nimetakiwa nieleze habari ya gari. Nitaeleza yote, maana gari lile si la Katibu wala si la dereva. Ni la kila mtu aliyekatwa senti zake katika kilo za korosho mpaka likanunuliwa. Basi linapovuja, kila mmoja anavujiwa.

Mnakumbuka mkutano uliopita ulikwisha kwa kelele. Wengine walisema liuzwe, limezeeka. Wengine walisema tuendelee kuongeza oili tu, mbona linatembea. Na wengine walisema tumsikilize yule fundi wa mjini. Fundi yule aliinama mara moja, akaona tone chini ya kibanda cha flaiwili, akainuka akasema: sili ya nyuma ya kranki imekufa, gia boksi lishushwe. Bei aliyotaja mliisikia. Ndugu zangu, bei ile ni karibu sawa na fedha yote tuliyotenga kununua salfa. Na mkorosho ukikosa salfa wakati wa maua, ubwiri unga unaingia, maua yanakauka, na msimu umekwisha kabla haujaanza. Kwa hiyo tulikuwa tunataka kuchagua kati ya gari na mikorosho, kwa sababu ya tone moja ambalo hakuna aliyelifuata lilikotoka.

Kamati ikasema: kabla hatujatoa hata shilingi, kwanza tutafute. Tukakaa na gari siku tatu, mimi, dereva, na kijana mmoja aliyepata kufanya kazi gereji.

Sasa nielezeni nyinyi wenye madau. Dau likivuja, maji mnayaona wapi? Si ngamani? Lakini ngamani ndiko yalikoingilia? Sivyo. Pengine ubao uliofunguka uko juu kabisa, karibu na usawa wa maji, kalafati imelegea, na maji yakateremka pole pole kwenye mataruma mpaka chini. Ukikandika pamba ngamani utachoka wewe, maji yatazidi. Na nyumba ya makuti vile vile. Mvua inamdondokea mtu kitandani, lakini tundu liko upande wa pili, maji yametembea juu ya pao. Oili nayo ni hivyo hivyo, tena ni zaidi, maana gari likienda, feni na upepo wa njiani vinaisukuma nyuma. Tone la chini linakwambia kwamba kunavuja. Halikwambii ni wapi.

Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa akitukataza jambo moja: kukisia neno kwa herufi zake za mwanzo. Umeona "ka", umeruka umesema "kalamu", kumbe pale pameandikwa "kamba". Fundi yule alisoma "ka".

Gari lenyewe ni Land Rover 109, ya aina ile iliyotengenezwa Uingereza tangu 1971 mpaka 1985, injini ya petroli ya silinda nne. Ni mzee, lakini ni mzee anayefungulika kwa spana za kawaida, na hilo ni jambo kubwa kwa kijiji. Katika umri huo gasketi zinakauka kama ngozi isiyopakwa mafuta. Si ajabu avuje.

Siku ya kwanza hatukufungua kitu. Tuliliegesha jioni mahali pa sawa, tukatandika boksi la karatasi lililofunguliwa chini ya injini mpaka gia boksi, tukaweka alama ya matairi kwa mawe. Asubuhi tukalisoma lile boksi. Doa kubwa, kama sinia, lilikuwa chini ya mwisho wa injini, pale inapoungana na gia boksi. Mbele hakuna kitu.

Pale chini ya kibanda cha flaiwili kuna kitobo. Hiki kitobo kina kazi yake. Gari likitaka kuvuka maji mengi kinafungwa kwa kizibo cha kukaza, ukishavuka unakifungua, ili oili kidogo ikiingia ndani ya kibanda iweze kutoka. Sisi tulikuta kizibo kimefungwa kwa nguvu. Nani alikifunga sitauliza hapa. Alidhani anaziba uvujaji. Lakini ndugu zangu, oili ikifungiwa mle haina pa kwenda ila kwenye klachi, na klachi ikipata oili inateleza: injini inanguruma, gari halipandi. Dereva alikwisha kuanza kulalamika hivyo, akilaumu mzigo. Tulipofungua, ilitoka oili ya kujaa kikombe cha chai.

Hapo kijana akasema, haya, si ndiyo sili ya nyuma? Tukamwambia ngoja, inuse kwanza. Kwenye kibanda kile oili inaweza kutoka upande wa injini, au upande wa gia boksi. Ya injini ikishatumika inakuwa nyeusi na nyepesi. Ya gia ni nzito, tena ina harufu kali, na nyinyi mnaopulizia mikorosho mtaijua bila kufundishwa, maana inakaribia harufu ya salfa. Tukanusa. Haikuwa na harufu ile. Kwa hiyo gia boksi halina kosa, ni injini.

Siku ya pili tuliosha. Jambo hili watu wengi hulidharau, lakini ndilo lililotuokoa. Injini iliyopakwa oili na vumbi la miaka yote haisomeki, kila mahali pamelowa. Tulingoja injini ipoe kabisa, tukafunga mfuko wa plastiki kwenye distributa na kabureta, tukachukua brashi, mafuta ya taa kidogo, halafu sabuni na maji, tukakifuta kila kitu mpaka chuma kikaonekana. Injini ya moto isioshwe kwa mafuta ya taa hata siku moja. Ni kutafuta moto. Uchafu tuliukinga kwenye debe. Haukumwagwa ghubani, na usimwagwe, sisi tunakula samaki wa ghuba hii. Oili chafu akitaka mtu kupaka nguzo zake kwa ajili ya mchwa, debe liko ghalani.

Injini ilipokauka tulipaka poda ya mtoto kwenye maungio yote: pembeni mwa kava ya juu, kwenye vifuniko vya ubavuni, kwenye filta ya oili, kwenye swichi ya taa ya oili, na ukingo wa sampu. Mama mmoja alituuliza kama tunaliogesha lende harusini. Poda ni nyeupe, oili ikipita tu inaacha mstari.

Tukaliwasha dakika kumi, likiwa limesimama. Tochi na kioo kidogo cha kunyolea, tukatazama kila upande. Kavu. Hapo ndipo mwingine angekata tamaa. Lakini gari letu linavuja likifanya kazi, si likisimama. Dereva akalipeleka Mtwara na kurudi, likiwa limebeba magunia. Lilipofika tukatazama tena kuanzia JUU kwenda chini. Nasema kuanzia juu. Unatafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, na kila kilicho chini yake unakiacha kwanza.

Vifuniko vya ubavuni, kavu. Filta, kavu. Swichi, kavu. Sampu, mbele kavu, nyuma pamelowa. Lakini nyuma ya kava ya juu, kule karibu na dashibodi ambako jicho halifiki bila kioo, poda ilikuwa imekatika. Mstari mweusi ulishuka mgongoni mwa injini, ukapita juu ya kibanda cha flaiwili, ukazunguka, ukaning'inia pale chini. Mahali pale pale fundi alipoona tone lake.

Tukafungua nati tatu za juu, kava ikatoka. Gasketi yake ni ile ya kizibo, laini kama kizibo cha chupa. Ilikuwa imekauka, imekatika vipande viwili upande wa nyuma. Na mtu aliyetangulia alijaribu kuizuia kwa kukaza nati kwa nguvu zake zote, mpaka ukingo wa kava ukapinda. Gasketi ya kizibo ukiikaza mno inakamuliwa nje, unaua kile ulichotaka kukiponya.

Lakini tukajiuliza, mbona inavuja zaidi njiani kuliko ikisimama? Jibu lilikuwa juu ya kava. Pale pana kifuniko cha kupumulia chenye wavu wa waya ndani. Pistoni zinapofanya kazi, hewa kidogo ya moto hupenya kwenye ringi ikaingia chini kwenye sampu. Hewa hiyo ni lazima itoke. Wavu ule ulikuwa umejaa masizi na vumbi, umekuwa kama mfuniko uliofungwa kwa unga. Mpishi wa wali anajua: ukiziba mfuniko na moto ni mkali, maji yatatokea pembeni tu. Basi gari likivuta mzigo hewa inazidi, haina mlango, inaisukuma oili kwenye kila ungio lililo dhaifu. Hata ungeweka sili mpya ya nyuma, hewa ile ingeisukuma nayo.

Na jambo lingine linalofanana na hilo. Dereva, kwa kuogopa injini isife, alikuwa akiongeza oili kila asubuhi kwa kukisia. Tulipopima, ilikuwa imepita alama ya juu. Ikizidi ni mbaya kama ikipungua: kranki inaichapa, inatoka povu, inatafuta pa kutokea. Kupima ni hivi: gari mahali pa sawa, injini imezimwa, ungoje dakika chache oili ishuke. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena, soma. Iwe kati ya alama mbili, ikaribie ya juu. Kipimo cha kwanza kabla ya kufuta hakisomwi, ni uongo.

Siku ya tatu tulitengeneza. Ukingo wa kava tuliunyoosha kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mbao, tukaulaza juu ya kioo cha dirisha kuona kama umekaa sawa. Tulikwangua gasketi ya zamani yote, taratibu, tambara likiwa limezuia takataka zisiingie ndani. Gasketi mpya ilinunuliwa Mtwara, risiti iko kwa Mweka Hazina, nendeni mkaione. Tuliigandisha upande wa kava tu. Upande wa injini tuliuacha mkavu, ili siku nyingine ifunguke bila kuchanika. Nati tulizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, moja baada ya nyingine, mpaka zikashika, basi. Wavu wa kupumulia tuliuosha kwa petroli mpaka mwanga ukapita. Oili iliyozidi tuliipunguza.

Kisha tukajaribu: injini inanguruma polepole, tukafungua kifuniko cha kujazia oili. Kama ringi zimekwisha, moshi ungetoka kwa kishindo, puu puu puu, kama treni ya zamani. Ulitoka mvuke hafifu tu. Kwa hiyo kwa sasa hatuna haja ya kufungua injini.

Gari lilikwenda Mtwara mara nne likiwa na mzigo. Boksi jipya tulilotandika usiku, hilo hapo limetundikwa ukutani, jionee mwenyewe kando ya lile la kwanza. Lina matone mawili.

Matone hayo mawili sitayaficha. Hayo ndiyo ya sili ya nyuma kweli. Fundi hakusema uongo mtupu, sili imechoka. Lakini matone mawili kwa usiku mmoja hayali salfa ya mtu. Kamati inapendekeza sili ingoje mpaka baada ya msimu, siku ambayo klachi itatakiwa kubadilishwa, gia boksi lishushwe mara moja kwa kazi zote mbili. Kitobo cha chini kibaki wazi. Kizibo chake kimefungwa kwa waya kwenye funguo za gari ili kisipotee, na atakayekirudisha bila kuvuka maji atakuja kujieleza hapa.

Kuanzia leo daftari limening'inizwa kwenye msumari ndani ya ghala. Kila asubuhi dereva anapima oili mbele ya mwanachama wa zamu, wanaandika tarehe, kipimo, na kama kimeongezwa kiasi gani. Tukiona siku za kuongeza zinakaribiana, au kile kidoa kinarudi kuwa sinia, tunaosha tena na kupaka poda tena. Wenzangu wa darasa la jioni, msiniambie hamuwezi. Ni tarakimu na maneno matatu.

Niliulizwa swali na bibi mmoja, naona ameketi pale: mgonjwa akipatikana usiku, je, gari litafika Ligula au litatuacha njiani? Bibi yangu, litafika. Chini ya kiti cha dereva pana chupa ya oili ya lita moja, faneli na kitambaa, na chupa hiyo si ya kuazimwa na mtu, hata mimi. Dereva atapima kabla ya kuondoka, hata kama watu wanalia. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, atasimama hapo hapo na kuzima, hatasema nisogee mpaka kwenye lami nzuri, maana injini bila presha ya oili inakufa kwa dakika chache.

Zamu ya daftari kwa juma hili ni ya wanachama wa kitongoji cha juu. Waje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla gari halijawashwa.