NCHI JIRANI: Barakoa Angani na Amri Iliyo Wazi



Katika mazungumzo haya ya nchi jirani, leo twalitazama jambo ambalo kwa mbali laweza kuonekana dogo. Nalo ni kanuni zilizowekwa na mashirika ya ndege, wakati wa janga la korona, kuhusu aina ya barakoa ambayo abiria aliruhusiwa kuvaa. Kanuni hizo zimekwisha kuondolewa, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona haikuwa tena dharura ya kimataifa. Hata hivyo zimeacha nyuma yake fundisho linalomhusu kila mtu ambaye kazi yake ni kusimamia amri mbele ya raia.

Kabla ya mwaka 2020, neno barakoa lilijulikana zaidi katika mwambao wetu na Omani kuwa ni kifuniko cha uso cha mabibi. Ghafla likawa neno la kila kinywa. Katika nchi jirani ya Kenya, kanuni za Aprili 2020 zilimtaka kila mtu aliye hadharani afunike pua na mdomo, na aliyekiuka aliweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000 au kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita. Rwanda nayo iliagiza hivyo mwezi huo huo. Uganda iliahidi kumpa barakoa ya kitambaa kila raia mwenye umri wa miaka 6 na zaidi. Barakoa za hospitali zilikuwa adimu duniani, na waganga na wauguzi ndio waliostahili kuzipata kwanza. Kwa hiyo viwanda vya nguo, kama kile cha Kitui nchini Kenya, viligeuza cherehani zake zikashona barakoa, na mafundi wa mitaani wakashona za vitenge na khanga.

Anga zilipofunguliwa tena, Kenya na Rwanda tarehe 1 Agosti 2020 na Uganda tarehe 1 Oktoba mwaka huo, abiria wengi walifika uwanjani na barakoa hizo za nyumbani. Hapo ndipo swali jipya lilipozuka. Kuvaa barakoa kulikubaliwa. Je, ni barakoa ipi?

Mashirika ya ndege ya Marekani yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kulijibu swali hilo. Mwezi Agosti 2020, Delta na American Airlines yalikataza barakoa zenye vali. Sababu yake yafaa ielezwe. Barakoa ya namna hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mfanyakazi wa mahali penye vumbi. Avutapo pumzi, vali hujifunga na hewa hupita katika chujio. Atoapo pumzi, vali hufunguka na hewa hutoka moja kwa moja. Mfanyakazi hufaidika, kwa kuwa joto hupungua usoni mwake. Lakini mgonjwa akiivaa ndani ya ndege, yeye mwenyewe hulindwa na jirani yake hupulizwa. Ni sawa na mlinzi afungaye lango la mbele na kuliacha wazi la nyuma.

Baadaye serikali ya Marekani iliweka amri moja kwa vyombo vyote vya usafiri wa umma, iliyoanza usiku wa tarehe 1 Februari 2021. Amri hiyo ilisema bayana kwamba leso, shali na kikinga uso cha plastiki havikuhesabiwa kuwa barakoa. Watoto wa chini ya miaka 2 waliachwa nje ya amri. Ilidumu mpaka tarehe 18 Aprili 2022, pale hakimu wa shirikisho katika jimbo la Florida alipoitangua.

Siku hiyo hiyo ya 1 Februari 2021, mashirika ya kundi la Lufthansa yaliingia hatua kali zaidi kwa safari za kwenda na kutoka Ujerumani. Barakoa ya kitambaa haikutosha tena. Abiria alitakiwa avae ile ya hospitali, au zenye alama za FFP2, KN95 au N95. Shirika la Finnair la Finland lilifuata tarehe 16 Agosti 2021, nalo likavikataa vitambaa.

Hatua hiyo ilikuwa na msingi wa kitaalamu. Kitambaa huzuia matone makubwa ya mate, ila nguvu yake hutegemea ufumaji, idadi ya tabaka na jinsi kinavyobana uso, na hakuna mhudumu wa ndege awezaye kuyapima hayo kwa macho. Barakoa ya FFP2 hutakiwa ichuje angalau asilimia 94 ya chembe za majaribio, na N95 angalau asilimia 95. Nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme, nazo hunasa chembe ndogo mno. Wakati ule aina mpya ya virusi, yenye kuambukiza kwa kasi zaidi, ilikuwa ikienea Ulaya.

Lakini tumtazame abiria wetu. Tarehe 24 Julai 2021 shirika la Eurowings Discover, lililo chini ya Lufthansa, lilifanya safari yake ya kwanza kutoka Frankfurt hadi Mombasa na Unguja. Mtu wa mwambao aliyepanda ndege ya kwenda Ujerumani siku zile, hali amevaa barakoa ya kitenge iliyoshonwa vizuri, alikuwa ametii kila alichoambiwa na serikali yake. Mlangoni pa ndege akawa mkosaji. Kosa lake halikuwa ukaidi. Kanuni ilibadilika kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na habari haikumfikia. Mtu wa namna hiyo alihitaji kuelezwa kwa adabu na kupewa barakoa inayokubalika. Kumkemea mbele ya watu kulikuwa ni kumgeuza raia mtiifu awe mpinzani.

Na upinzani ulikuwapo, tena mkubwa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipokea mwaka 2021 taarifa 5,981 za abiria waliofanya fujo ndani ya ndege, na kati ya hizo 4,290 zilihusu barakoa. Wahudumu, ambao kazi yao ya kwanza ni usalama wa safari, walitukanwa na wengine wakapigwa.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo jambo hili linapofika kwenu. Chini ya Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963, rubani mkuu ana mamlaka ya kuchukua hatua za kadiri, hata kumfunga abiria, ili kulinda usalama na utulivu ndani ya ndege. Aweza kumshusha, na kwa kosa zito aweza kumkabidhi kwa wenye mamlaka pale ndege itakapotua. Kwa miaka mingi mkataba huo uliipa nguvu ya kushitaki hasa nchi iliyoiandikisha ndege, na hivyo wakosaji wengi waliachiliwa uwanjani. Itifaki ya Montreal ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, imeziongezea uwezo huo nchi ambamo ndege hutua, kwa zile zilizoiridhia. Basi ugomvi ulioanza juu ya kipande cha kitambaa, angani, huishia mikononi mwa askari aliyesimama chini ya ngazi. Yeye hakuutunga ule mwongozo, wala hakuushuhudia ugomvi, lakini ndiye atakayeukamilisha.

Kwa ajili hiyo askari yampasa ajue mambo mawili. La kwanza, ukaguzi wa hati za safari hauondolewi na barakoa. Ofisa ana haki ya kumtaka abiria aishushe kwa muda mfupi ili uso ulinganishwe na picha, kisha airejeshe. La pili, wapo waliosamehewa kwa haki: watoto wadogo, ambao kwa Ujerumani walikuwa wa chini ya miaka 6, na wagonjwa wenye cheti cha daktari. Kumlazimisha mtu mwenye pumu kali kana kwamba ni mkorofi si ukakamavu wa kazi. Ni kutoijua amri unayoisimamia.

Nchi za eneo letu zinapakana, watu wake ni ndugu, na maradhi hayaombi pasi. Rwanda ilipambana na homa ya Marburg mwaka 2024, na Tanzania mwaka 2025, mwaka ambao Uganda nayo ilipambana na Ebola. Hayo huenea zaidi kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, kwa hiyo kinga yake yatofautiana na ile ya korona. Kila adui ana silaha yake. Litakapotokea tena gonjwa la kuenea kwa pumzi, yafaa majirani wawe wamekwisha kukubaliana juu ya kipimo kimoja cha barakoa kwa viwanja vyote, kilichotangazwa kabla msafiri hajaondoka nyumbani kwake, pamoja na akiba ya barakoa mlangoni kwa asiyekuwa nayo.

Askari wanalifahamu hili kuliko watu wengine. Amri njema husema kitu cha kufanya, sababu yake, na nani amesamehewa. Amri isiyosema hayo huwaachia wale wa chini wabahatishe, na anayebahatisha akiwa na rungu mkononi humwumiza asiye na hatia. Raia atamtii kwa hiari yule aliyevaa sare akiwa na hakika kwamba neno analoambiwa leo Mombasa ndilo atakaloambiwa kesho Entebbe na Kigali.