Soketi ya Nje, Maji na Mtoto

Leo nazungumza nawe mama, na wewe mlezi, kuhusu stima iliyo karibu na maji.

Hapa kwetu Machakos maji ni ya kuwekwa akiba, kwa hivyo nyumba nyingi zina tangi na pampu. Mara nyingi pampu hiyo huchomekwa kwenye soketi ya nje, au kwenye ekstensheni iliyolazwa chini, pale pale tunapofulia nguo na watoto wanapochezea beseni. Mtoto asiye na viatu, amesimama kwenye maji, akigusa waya uliochubuka, stima hupitia mwilini mwake kwenda ardhini.

Huenda ukasema, "Mimi nina fyuzi." Mama, fyuzi hulinda waya, haimlindi mtoto. Fyuzi ya plagi ya pampu huwa ya ampea 13, ilhali hata sehemu moja kwa mia ya stima hiyo yaweza kusimamisha moyo.

Kinga inayofaa ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hicho hulinganisha stima inayotoka na ile inayorudi. Zikitofautiana kwa miliampea 30, yaani kuna inayovuja, hukata stima kabla ya nusu sekunde kwisha.

Basi fanya hivi. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA aweke RCD ya miliampea 30 kwa soketi za nje, na akague waya wa ardhi. Kila mwezi bonyeza kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T. Stima isipokatika, kifaa kimeharibika. Hata kikiwa kizima, usiache watoto wacheze karibu na waya, kwa sababu anayeshika nyaya mbili kwa pamoja huenda kisimwokoe. Na mkienda hoteli yenye bwawa la kuogelea, uliza kama soketi zake zina kinga hii.

Mtu akinaswa na stima, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Usipoweza kuifikia, simama pakavu, umsukume kwa fimbo kavu ya mti. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua chake mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari. Akizinduka, bado mpeleke hospitali, kwani majeraha mengine yako ndani.

Mama, jioni ya leo zunguka ua wako uangalie waya unalala wapi.