Subira Si Kuridhia Dhuluma

Mama atokaye Misa ya Jumapili hali amejitanda kitenge hadi shavuni, akiulizwa, husema aliteleza kisimani. Na jioni fedha ya mawese aliyoyauza sokoni huhesabiwa na mumewe hata faranga ya mwisho, naye hana ruhusa ya kwenda kumjulia hali mamaye. Hiyo, akina mama, siyo subira ya Kikristo, bali ni dhuluma.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, yampa haki ya kuondoka yule ambaye mwenziwe amhatarisha vikali roho au mwili, hata kabla ya idhini ya Askofu iwapo kukawia ni hatari. Naye Papa Fransisko aliandika mwaka 2016 kwamba pengine kutengana huwa wajibu. Kutengana huko peke yake hakuvunji ndoa, wala hakumzuilii mtu Komunyo.

Kupona huanza kwa kumwambia kweli mtu mwaminifu, awe shangazi, muuguzi au padri. Na kusamehe, wapenzi, si kurudi penye fimbo.